Ganda Lisilokatika

Cygnet, Tasmania
16 Machi 1952

Wifi yangu Nola,

Barua hii ikukute umelala chali kama ulivyoagizwa, maana nakujua, huenda imekukuta umekaa kitako ukimchungulia sista wa hospitali. Sisi huku wazima. Kaka yangu Vern anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe, lakini mumeo kalamu anaishika kama shoka, na siku hizi hata kunyoa hana nafasi. Tumeanza kuchuma matufaha. Tuna wachumaji sita, na mmoja wao anaimba kutwa nzima wakati wimbo anaoujua ni mmoja. Tinka amezaa watoto wanne chini ya banda la kufungashia. Vern anasema hatutabaki na mbwa hata mmoja, maana yake tutabaki nao wote.

Binti yako Dulcie amerefuka. Lile gauni lake la bluu sasa ni blauzi. Asubuhi kumeanza kuwa na baridi, jana nimewasha jiko la kuni jikoni nikaliacha liwake mpaka jioni, naye akaburuta kigoda chake akakaa mbele yake kama bibi mwenye nyumba. Mipopla, ile miti mirefu ya barabarani, imeanza kugeuka manjano. Anaokota jani moja moja na kuniuliza kila moja limeanguka kwa nini. Nimemjibu mara ishirini kwamba limechoka. Mara ya ishirini na moja akaniambia, "Halijachoka, shangazi. Linashuka tu." Nikaendelea na unga wangu.

Anakula vizuri. Matufaha anayala na maganda yake kama farasi.

Wewe lala tu. Huku kila kitu kinakwenda.

Wifi yako,
Thelma


Hospitali ya Kifua, kitanda cha tano barazani
29 Machi 1952

Wifi Thelma,

Nakusalimu, namsalimu na Vern, na Tinka na wanawe. Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu aliyelazwa chali wiki ya kumi na moja. Naandika kwa penseli kwa sababu wino hauteremki ukiandika umelala. Wametupanga barazani kumi na wawili, upande mmoja hauna ukuta, ili tupate hewa. Hewa tunaipata. Juzi tumepata na mvua, blanketi zote zimelowa miguuni, na sista akasema ni nzuri kwa mapafu. Edie wa kitanda cha nne akamwambia, "Basi njoo ulale wewe, mwanangu, na mimi nikusifie." Tulicheka mpaka tukakatazwa kucheka.

Siruhusiwi kunyoosha mkono kuchukua glasi. Mimi niliyekuwa nabeba kreti mbili za matufaha kwa mkupuo. Mchana kutwa natazama dari na miguu inanicheza yenyewe chini ya shuka, haitaki kuelewa.

Sasa nisikilize. Habari za mbwa zimenitosha. Nijibu haya: Nani anamsuka nywele? Analala wapi sasa baridi imeanza? Anasema nini kabla ya kulala? Na mbona anakula matufaha na maganda? Hakuwa akiyapenda.

Nola


Cygnet
18 Aprili 1952

Wifi yangu,

Za huko tangu Jumatatu ya Pasaka? Sisi tulifika nyumbani salama, safari ndefu lakini Dulcie alilala njia nzima. Mama Pybus jirani anakusalimu na anakuombea rozari kila Ijumaa, na ameniletea chupa mbili za jemu ambazo sikumwomba. Vern amekata kidole, si sana, na analalamika sana.

Pasaka yetu ilikuwa njema. Tulichemsha mayai na maganda ya vitunguu yakatoka mekundu, nikayaficha ndani ya marundo ya majani niliyokuwa nimeyafagia kwa jasho langu mwenyewe. Nilidhani atatafuta. Alijitupa mzima mzima, kichwa kwanza, na watoto wa Tinka nyuma yake, na rundo lote likarudi uani. Mayai mawili hatujayaona mpaka leo, nangoja harufu ituonyeshe. Jioni ananyoosha miguu mbele ya jiko, soksi zinafuka mvuke, anakunywa maziwa ya moto na kupata masharubu. Ni vitu vidogo, lakini nyumba inajaa.

Nywele namsuka mimi. Zinakaa upande, lakini zinakaa. Analala salama, blanketi anazo.

Siku ile ya kukuona alifurahi sana. Najua sheria haziruhusu watoto kukaribia, lakini hata kutoka kule kwenye nyasi alikupungia mkono kwelikweli. Bila shaka ulimwona.

Thelma


Kitanda cha tano
27 Aprili 1952

Wifi,

Salamu kwa wote. Pole ya kidole kwa Vern. Edie amepewa ruhusa ya kukaa kitako nusu saa kwa siku, na sasa amekuwa na majivuno ya mtu aliyenunua nyumba. Mimi bado.

Nilimwona akipunga. Sina la kuongeza hapo.

Barua zako zimejaa furaha mpaka hakuna pa mimi kukaa. Jiko lipo, maziwa yapo, majani yapo, mbwa wapo, kigoda kipo. Kila nikimaliza kusoma natafuta kilichopungua katika nyumba ile na sikipati. Usidhani nakuonea kijicho. Au dhani, maana ni kweli. Usiku na mchana nimekuwa kama kuku aliyefungwa mguu, nazunguka palepale.

Swali la maganda hukunijibu. Wala la kabla ya kulala.

Amekuja daktari mpya kutoka Melbourne. Amenipiga picha mbili za kifua na amesimama dirishani akizitazama muda mrefu bila kusema kitu. Akisema, nitakuandikia.

Nola


Cygnet
12 Mei 1952

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako ya juzi imefika, ahsante. Tumefurahi kusikia habari zako. Hiyo tarehe tatu Juni tumeiweka akilini, na Vern ameshamwomba Pybus lori lake. Usiwe na wasiwasi nayo.

Huku mavuno yanaisha. Yamebaki Sturmer tu, yale ya kijani ambayo hayana haraka na mtu. Yule mwimbaji ameondoka na sasa tunamkosa, wimbo wenyewe Vern anauimba zizini akidhani simsikii. Mvua ilinyesha wiki iliyopita na uyoga ukatoka malishoni kama uliopandwa. Dulcie alitoka na gambuti zake, akarudi miguu mitupu, gambuti zote mbili zimejaa uyoga mpaka juu. Nikaukaanga kwa siagi tukala na mkate. Pia tumekata matufaha vipande vya mviringo tukayatunga kwenye uzi juu ya jiko yakauke, anapita chini yake na kuruka akijaribu kuling'ata moja.

Ndiyo hivyo. Kila kitu ni kizuri. Lala upone.

Thelma


Kitanda cha tano
17 Mei 1952

Thelma,

Salamu. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali moja. Nimepata uyoga.

Sikukuuliza jambo la mzaha. Nilikuandikia kwamba daktari anataka kunipasua tarehe tatu Juni, kwamba kuna wanaoamka na kuna wasioamka, na kwamba nikiacha nitalala hapa mwaka, miwili, au mpaka mwisho. Nikakuuliza kitu kimoja tu, kwa herufi kubwa, nikapigia mstari: je, mtoto bado ananitaja? Nikasema akiwa ananitaja nitatia sahihi. Nawe umenijibu kwamba tarehe mmeiweka akilini na nisiwe na wasiwasi nayo, kama mtu anayealikwa kwenye sherehe.

Nimeelewa. Hukutaka kusema uongo, ukanyamaza. Na mimi nilishajua tangu Pasaka. Dulcie alimpungia mkono Edie. Alisimama pale kwenye nyasi na koti lake la kijani akampungia Edie kwa mikono miwili, na Edie, Mungu ambariki, alijifanya hakuona. Nilimpungia mimi. Hakugeuka.

Karatasi ya daktari nimeirudisha bila sahihi. Mwambie Vern aniletee viatu na koti langu, vya hapa wamevifungia. Nataka kurudi nyumbani kabla majani hayajaisha. Kama nimekuwa mgeni kwake, afadhali niwe mgeni aliyekaa karibu na jiko. Najua mtakachosema kuhusu kifua changu na mtoto. Nitakaa mbali naye. Nitakaa mlangoni. Akinishangaa usinisaidie.

Nola


Cygnet
21 Mei 1952

Nola,

Vern anakuletea barua hii kwa mkono wake. Viatu sikumpa. Alivitia ndani ya mfuko nikavitoa, akavitia tena nikavitoa, mwisho akaniambia, "Thelma, sasa mimi nimtii nani?" Nikamwambia amtii anayempikia. Nyumbani ni wazima, Mama Pybus anakusalimu, na hapo salamu zimeisha.

Barua yako ile ya tarehe tatu Juni sikuisoma. Niliichoma.

Sikuichoma makusudi. Tangu ulipoondoka, kila barua yako naiweka ndani ya tanuri kabla ya kuifungua. Mama Pybus alinifundisha: barua kutoka hospitali ya kifua ikae kwenye joto muda wa kuoka skonzi, vijidudu vife, ndipo mtu aishike. Kila nyumba hapa yenye mgonjwa huko inafanya hivyo, wala hakuna anayemwambia mgonjwa. Siku ile niliiweka, na Vern akapita akatia kuni mbili za mtufaha bila kujua, na Dulcie akaingia na gambuti zimejaa uyoga, na tukacheka, na tukaanza kuumenya pale mezani. Niliponusa ilikuwa imekwisha. Niliokoa kona ya ukubwa wa kiganja. Ilikuwa na maneno "tarehe tatu Juni" na chini yake "nijibu". Nikadhani mmetangaziwa siku ya wageni kuja kuwatazama.

Ningeweza kukuandikia, barua imeungua, rudia. Lakini ungeuliza imeunguaje, na ningekuambia nini? Kwamba maneno yako tunayaoka kama kitu kichafu? Niliona aibu, nikajifanya nimesoma. Hilo ni kosa langu la kwanza na ndilo dogo.

Kubwa ni hili. Uliponiuliza mara mbili kuhusu maganda niliruka. Siku ulipoingia huko, matroni, mkuu wa masista, alituambia getini: msiwaandikie mambo mazito, msiseme mtoto analia, andikeni mambo mepesi. Nikashika agizo hilo kwa mikono miwili kwa sababu lilinifaa.

Dulcie anakula matufaha na maganda kwa sababu hataki niyamenye mimi. Wiki ya kwanza nilimmenyea, nikakata ganda vipande vipande kama kila mtu mwenye akili, akasukuma sahani. "Nataka nyoka," akasema. Sikuelewa. Akanionyesha kwa mikono: Mama anakaa hapa, kwenye kigoda hiki, anamenya tufaha zima bila kukata, ganda linatoka refu, yeye anashika ncha na kurudi nyuma taratibu mpaka mlangoni, na likifika mlangoni halijakatika, nyoka ameshinda. Nilimwambia mimi nyoka sijui. Akaniambia, "Najua. Mama ndiye anajua." Na tangu siku hiyo hajakubali kumenyewa na mtu. Anangoja. Kile kigoda nilichokuambia anakikalia kama bibi mwenye nyumba, hakikalii. Anakilinda. Vern alikikalia siku moja, Dulcie akamwambia atoke, hicho ni cha Mama.

Kabla ya kulala anasema, "Mama akipona kesho." Kila siku, miezi minne, kesho. Analala kitandani kwangu kwa sababu akilala peke yake anaamka kwenda kutazama mlangoni.

Na siku ya Pasaka, Nola, mlikuwa wanawake kumi na wawili mmelala, wote mmefunikwa blanketi la kijivu na kofia nyekundu ya sufu, na mimi mjinga nilimwelekeza, "Mama yule pale mwenye kofia nyekundu." Akapungia ya kwanza aliyoiona. Kwenye lori hakulala. Nilidanganya. Alikaa wima njia nzima, na tulipofika Oatlands, katikati ya njia, akasema, "Yule si Mama. Mama ana nywele." Hakukusahau. Alikukumbuka kuliko mimi nilivyokuona.

Sasa utaniuliza kwa nini sikukuandikia hata moja ya haya. Nina miaka arobaini na mmoja. Sikuolewa, na unajua kwa nini, na hatulizungumzi. Kila jioni mtoto huyu ananikumbatia shingo na miguu yake ya baridi ananiwekea tumboni. Hajawahi kuniita mama hata siku moja, ingawa kuna siku nilitamani. Nilikuandikia majani na mayai kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yangu. Ya nyoka yalikuwa yako, nikayaficha. Nililia nikiandika mstari huu na sijali ukijua.

Jana jioni nilipopata barua yako nilikaa kwenye kigoda. Dulcie akasema toka. Nikamwambia, "Leo niazime. Nifundishe nyoka, tumpelekee Mama." Alifikiri sana. Kisha akakubali, na akasimama juu yangu kama fundi. "Taratibu, shangazi. Usimkate. Kisu kilale." Tuliharibu matufaha kumi na saba, Vern akawa anayala mpaka akaomba tumhurumie. La kumi na nane lilikuwa Sturmer kubwa. Dulcie alishika ncha akarudi nyuma, akarudi, akarudi, mgongo wake ukagusa mlango. Halikukatika. Hakushangilia. Alisema tu, "Sasa Mama atajua."

Ganda hilo liko ndani ya kopo la biskuti, juu ya kitambaa kibichi. Nimemwambia Vern alipakate magotini hata kama Pybus atapita kwenye mashimo yote ya Tasmania.

Ukitaka viatu baada ya hapo, nitavileta mwenyewe.

Thelma


Kitanda cha kwanza, ndani
22 Juni 1952

Wifi Thelma,

Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia upo, ila mbavu nne za upande wake daktari amezitoa na bado hautaki kunitii. Dulcie angeandika vizuri kuliko hivi. Mwambie Vern chakula kinapita.

Nyoka alifika mzima. Amenyauka kidogo, lakini mzima. Edie alikuwa katika nusu saa yake ya kukaa kitako, akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, na nyoka akafika kutoka kitanda cha tano mpaka cha nne na urefu ukabaki. Nilitia sahihi karatasi ya daktari Vern angali amesimama pale na kofia yake mkononi, akimtazama sista kama aliyekamatwa.

Nilikuwa nimekukasirikia sana, Thelma. Bado ninayo hasira kidogo, nitaimaliza nikifika. Sikukasirikia tanuri. Hii nayo ioke, nakuomba, iokwe hasa, una mtoto wangu ndani ya nyumba. Ila ukae pale uitazame.

Alale kitandani kwako mpaka nirudi. Na nikirudi, siku za baridi, atagawanya miguu, mmoja kwako, mmoja kwangu.

Daktari anasema Septemba. Majani yatakuwa yameoza zamani, lakini weka kreti moja ya Sturmer kwenye nyasi kavu, hayo yanangoja. Mpaka siku hiyo kikalie kigoda, nimekuazima. Mmenyee wewe. Mwambie ashike ncha, asiiachie.

Nola